Shamba la Damari Juu ya Keki

Kwa miaka thelathini na moja Faustina alichora ramani za viwanja kwa mkono katika ofisi ya ardhi. Alikuwa na meza yake iliyoinama, kalamu za wino za unene wa aina nne, rula ya pembetatu, na wembe wa kukwangulia makosa ambao, kwa maneno yake mwenyewe, uliota kutu kwa kukosa kazi. Kompyuta zilipoingia wakampa kazi ya kutunza majalada. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Soweto, Mbeya, na rula yake ndani ya mkoba, kwa kuwa pale ofisini hapakuwa na mtu mwingine aliyejua inavyotumika.

Mambo ya keki aliyaanza kwa bahati. Mke wa mwanawe, Pendo, alikuwa akioka keki za watu, na alipokaribia kujifungua akashindwa kusimama muda mrefu. Siku moja akamwomba mama mkwe amalizie tu kupaka krimu keki ya mwanafunzi aliyehitimu. Faustina alikaa nayo tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Pendo alipokuja kuangalia, keki ilikuwa na pembe kali kama tofali jipya, na maneno ya pongezi yameandikwa kwa herufi zile zile zilizokuwa zikiandikwa kwenye ramani za serikali. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha kaskazini. Pendo aliuliza mshale ni wa nini. Faustina akajibu kwamba mchoro usio na kaskazini haujakamilika.

Tangu hapo akawa anawatengenezea marafiki keki za maumbo, kila mtu na jambo lake. Hakuwa akichukua kazi za watu asiowajua. Alikwenda mwenyewe soko la Mwanjelwa kutafuta rangi za chakula na sukari laini, akarudi, akakanda fondanti, lile donge la sukari linalosukumwa kama chapati, akakata kwa wembe na rula. Keki zake zilikuwa tamu na zilifanana na vitu vyenyewe kiasi cha kuogofya. Tatizo lilikuwa moja tu: hakujua kumpendezesha mtu.

Tupokigwe, jirani yake wa nyumba ya tatu, alipohamia kwenye nyumba yake mpya aliomba keki ya hiyo nyumba. Akaletewa nyumba kamili, bati la bluu, mlango wa kahawia, na ule ufa uliopanda kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye kenchi za paa, umechorwa kwa chokoleti nyembamba kama unywele. Tupokigwe alikuwa amefanikiwa kuuficha ufa ule nyuma ya kanga zilizoanikwa siku hiyo nzima. Jofrey naye, kijana wa ukoo wao anayelima mpunga Madibira, alitaka keki ya harusi yenye umbo la pawatila yake, lile trekta dogo la magurudumu mawili. Akatuma picha. Keki ilikuja na tope, na tairi la kushoto limekaa chini kidogo, kwa kuwa siku ya kupigwa picha lilikuwa na pancha. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini. Jofrey alichukua muda kidogo zaidi.

Sisi majirani tulishazoea. Ukimwomba Faustina keki, unajikagua kwanza.

Damari hakuwa amezoea, maana yeye alikuwa mbali. Walisoma pamoja shule ya bweni, wakalala vitanda vya juu na chini kwa miaka minne, kisha Damari akaolewa na Silvester, mkulima wa Kilolo huko Iringa, naye Faustina akaenda kuchora ramani. Mwaka huu Damari na Silvester walitimiza miaka arobaini ya ndoa. Watoto wao waliandaa sherehe nyumbani kijijini, na Damari akampigia simu rafiki yake kumwomba keki. Alitaka iwe ya nyumba yao na shamba lao, kwa sababu ndipo walipoitumia hiyo miaka arobaini yote. Tena iwe siri, Silvester asijue.

Faustina alisema hiyo si shida, ila anahitaji vipimo.

Kwa hiyo Damari alipiga picha ule mchoro ulioambatanishwa na hatimiliki ya kimila ya shamba, akautuma. Halafu akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga mafundo kila mita moja, akazunguka shamba zima kwa siku mbili akipima. Kutoka kona ya jiko hadi choo. Kutoka kona ya jiko hadi kisima. Silvester alipomuuliza anafanya nini, alisema anatafuta mahali pa kuweka turubai la sherehe. Silvester akamwambia turubai halifiki kisimani. Damari akajibu kwamba wageni ni wengi.

Huko Soweto Faustina alitandika karatasi mezani na kuhamisha kila kitu kwa kipimo cha moja kwa mia mbili. Shamba la mita mia kwa themanini likawa sentimita hamsini kwa arobaini juu ya keki, na pembeni akaacha nafasi kidogo ya kuonyesha majirani. Alipofika kwenye banda la nguruwe alisita, kwa kuwa kwa vipimo vya Damari banda lilivuka mpaka wa shamba kwa sentimita mbili. Akapima upya. Zikabaki mbili. Akampigia Damari kumuuliza kama ana hakika na umbali ule wa kutoka jikoni hadi bandani. Damari, aliyekuwa na mafundo sita ya kamba mkononi na mguu uliochubuka, alimwambia amepima kwa mikono yake mwenyewe na asimrudishe tena kule. Faustina akaandika vipimo kama vilivyo. Baadaye aliapa kwamba hata haikumjia akilini kwamba kulikuwa na neno. Alidhani watu wa kijijini wanaijua mipaka yao wenyewe.

Alisafiri kwa basi na keki ikiwa vipande vinne ndani ya maboksi. Alikata tiketi mbili, akakaa dirishani, na maboksi yakakaa kiti cha pili yamefungwa mkanda. Alikuwa na wasiwasi na joto, lakini walipoipita Mafinga hewa ikawa ya baridi, na Kilolo penyewe ukungu ulikuwa umelala juu ya chai na maparachichi kiasi kwamba krimu ilikuwa salama kuliko ndani ya friji. Aliunganisha keki kwenye chumba cha Damari, mlango umefungwa. Majani aliyafanya kwa nazi iliyotiwa rangi ya kijani. Miparachichi ilisimamishwa kwa vijiti vya biskuti. Nguruwe sita, kila mmoja sawa na punje ya mahindi. Mlangoni pa nyumba akawasimamisha Damari na Silvester kwa kipimo chao halali, yaani chini kidogo ya sentimita moja. Mwisho akazungusha mpaka wa shamba kwa uzi wa fondanti nyekundu, kwa sababu mipaka huchorwa kwa nyekundu.

Damari alipoona alishika kifua. Alitambua mpaka beseni lake lililoachwa kisimani. Kisha akauliza yeye na mume wake wako wapi. Faustina akamwonyesha kwa ncha ya sindano. Damari akainama, akatazama, akasema, aa, kumbe wale.

Siku ya sherehe watu walijaa. Mchungaji aliombea ndoa, wajukuu wakaimba, na mshereheshaji, kijana mmoja mchangamfu aitwaye Adrian, akatangaza kwamba sasa keki itafunuliwa. Silvester alipoona shamba lake juu ya meza alivua kofia. Wageni walisogea kwa zamu kuangalia. Na kwa kuwa maharusi walikuwa wadogo mno, kila mtu alilazimika kuinama kuwatafuta, na wazee walilazimika kuvaa miwani.

Ndivyo Yotamu alivyoona. Yotamu alikuwa jirani anayepakana nao upande wa mashariki, mzee wa usharika, mtu wa maneno machache. Alivaa miwani yake, akainama kuwatafuta maharusi, hakuwaona, akaendelea kuwatafuta kando ya shamba mpaka akafika kwenye banda la nguruwe. Akabaki ameinama. Kisha akamgeukia Faustina, na kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza njia ya kwenda chooni, akasema, “Mama, huu mstari mwekundu ni wa nini?”

Adrian, aliyedhani mzee anatoa baraka, tayari alikuwa ameshamsogezea maiki mdomoni. Swali likatoka kwenye spika zote mbili.

Mtu mwingine angesema ni pambo. Faustina alisema ni mpaka wa shamba, kama ulivyo kwenye hatimiliki, kipimo moja kwa mia mbili. Nalo jibu likatoka kwenye spika.

Watu wakahesabu wenyewe. Nyumba ndani ya mstari, kisima ndani, choo ndani. Banda la nguruwe, nusu ndani, na nguruwe wawili kati ya sita wamesimama kwa jirani.

Wana wawili wa Yotamu, watu wazima wenye familia zao, walisimama kutoka kwenye viti vyao. Silvester akasema hiyo ni keki, si baraza la ardhi. Mchungaji akashauri jambo lisubiri hadi Jumatatu, kwani wali unapoa. Lakini mmoja wa wana wale akasema Jumatatu keki itakuwa imeliwa na ushahidi umekwenda, na hoja hiyo iliwaingia watu wengi kuliko ile ya mchungaji. Wakaamua kwenda kuangalia.

Damari alikataa kwenda. Alikaa chini ya turubai, mbele ya meza tupu, na shada lake la maua mapajani. Wengine wote walitoka. Wanaume wanne waliibeba keki juu ya ubao wake, Faustina akiwa mbele, na kila baada ya hatua chache alikuwa akigeuka na kuwaambia waizungushe kidogo kushoto ili kaskazini ya keki ielekee kaskazini. Nyuma walifuata mchungaji, wajukuu, waimbaji, na Adrian akiwa na maiki isiyo na waya, ambayo kwa bahati mbaya ilifanya kazi mpaka bandani.

Mpaka wa zamani ulikuwa jiwe kubwa upande wa juu na mparachichi mkongwe upande wa chini. Walivuta kamba ya nguo ya Damari kati ya hivyo viwili. Kamba ilipita juu ya banda la nguruwe, ikagusa bati, ikaacha kipande kizima upande wa pili. Mwana mkubwa wa Yotamu akapima kwa miguu. Hatua nne. Faustina akaweka rula juu ya keki. Sentimita mbili. Hakutabasamu, lakini waliokuwa karibu wanasema alivuta pumzi kama mtu aliyekunywa chai nzuri.

Silvester alikuwa ameinamisha kichwa. Alieleza kwamba siku fundi alipopiga vigingi vya banda, miaka sita iliyopita, ukungu ulikuwa mzito na ule mparachichi haukuonekana kabisa. Walikadiria. Tangu hapo hakuwahi kutazama tena. Alisema kama ni kubomoa, atabomoa, ila wampe muda nguruwe wazae kwanza.

Yotamu alimshika Faustina kiwiko akamvuta nyuma ya banda, mbali na Adrian. Akatazama huku na huku. Huko nyuma palikuwa na mtaro mdogo ulioteremsha maji ya bandani moja kwa moja hadi kwenye miparachichi yake mwenyewe, mistari mitatu ya miti minene, majani meusi kwa afya, matunda yameinamisha matawi.

“Mama,” alisema, “mimi nilijua tangu mwaka wa kwanza. Ile mbolea inakuja kwangu yenyewe, sijawahi kubeba hata toroli moja. Unaweza kuufuta huo mstari?”

Faustina alimwambia pole sana, hawezi. Katika miaka thelathini na moja ameombwa jambo hilo na watu wenye magari makubwa na hakufanya.

Yotamu alifikiri. Akasema amemwelewa, tena anamheshimu kwa hilo. Shida yake ni wanawe. Sasa wameona, na mbele ya watu wote hawezi kuonekana baba asiyejali ardhi ya watoto wake. Banda likibomolewa litajengwa kule ng'ambo, na mtaro utaelekea kwa mtu mwingine. Aliyasema haya kwa uchungu wa kweli, akiwa ameshika shina la mparachichi mmoja kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Kisha akarudi kwenye ubao, akaomba kisu, na kabla mtu hajaelewa anachofanya akakata ile kona ya keki: banda, nguruwe, mstari mwekundu na hatua zake nne. Akaila pale pale, amesimama, mbele ya wanawe, kipande chote, bila chai. Ilimchukua muda. Alipomaliza alijifuta sharubu, akasogea kwa Adrian na kuomba maiki kwa hiari yake.

“Hiyo sehemu ilikuwa yangu,” alisema. “Nimeichukua. Banda libaki lilipo, na mtaro ubaki unaelekea unakoelekea. Na hilo la mtaro liandikwe.”

Wanawe walitazamana. Mdogo ndiye aliyeangalia kwanza ule mtaro, akaufuata kwa macho hadi kwenye miparachichi, akaanza kucheka, na kaka yake alipoelewa akacheka pia. Silvester alimkumbatia jirani yake, krimu ikamwingia kwenye koti.

Wote walirudi wakiimba. Faustina pekee ndiye aliyetembea polepole, kwa kuwa alikuwa ameuona ubao ukiwa na pengo, na alikuwa amekumbuka kwamba keki ya ndoa hukatwa kwanza na wenye ndoa.

Damari hakuwa tena chini ya turubai. Alikuwa jikoni, amevaa gauni lake la sherehe na kanga juu yake, anaosha vyombo ambavyo watu wengine walikuwa wamepangiwa kuviosha.

“Nilikuomba keki, Fausta,” alisema bila kugeuka. “Sikukuomba uje kupima.”

Faustina alitaka kueleza habari za kona ya jiko na mafundo ya kamba. Lakini Damari akaendelea, sasa kwa sauti ya chini zaidi. Alisema hata mpaka haumuumi sana. Kinachomuuma ni kwamba amekaa shamba hilo miaka arobaini, amezaa humo, amelima humo, na watu walipokuja kumtazama siku yake hawakumwona. Wamewaona nguruwe. Nguruwe walionekana vizuri kuliko yeye.

Vipimo vilikuwa sahihi vyote, hilo Faustina alilijua, na kwa mara ya kwanza halikumsaidia kitu. Alimwambia rafiki yake amekosea. Damari aligeuka kumtazama, maana tangu kidato cha kwanza hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka mdomo ule.

Kisha Faustina akaenda chumbani, akatoa fondanti yote iliyobaki kwenye boksi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuikanda. Hakutumia rula. Alimfinyanga Damari kwa macho tu, akiwa na gauni lake la zambarau, kilemba, na kiuno chake kama kilivyo sasa. Hapo Damari, aliyekuja kusimama mlangoni, alikohoa, na Faustina, baada ya kusita kidogo, akakipunguza kiuno. Silvester akafuata, na kofia yake mkononi. Walipokauka kidogo akawabeba hadi mezani na kuwasimamisha palipokuwa na pengo la banda la nguruwe, wamefunika kabisa mahali pale. Walikuwa warefu kuliko nyumba na miti yote. Kwa kipimo kile, Faustina alimnong'oneza Damari, wewe una mita ishirini na nne.

Damari alisema hiyo inamtosha.

Adrian akaita upya. Maharusi walikata keki kwa mikono miwili, upande wa kisima, na wageni wakala jiko, choo, shamba la mahindi na barabara ya kuingilia. Wali ulikuwa umepoa kweli, lakini ulipashwa. Mchungaji aliandika habari ya mtaro nyuma ya ratiba ya sherehe, wazee wawili wakatia saini, na Yotamu akaikunja na kuiweka ndani ya kasha la miwani yake. Hakula chochote kingine siku hiyo.

Sanamu zile mbili hakuna aliyezila. Damari aliziweka kwenye kabati la vioo sebuleni, kati ya vikombe vya wageni. Miezi miwili baadaye alipiga simu Soweto kumwarifu rafiki yake kwamba sisimizi wameingia kabatini. Walikuwa wameanza na Silvester, wamemmaliza miguu yote miwili, na sasa ameegemea birika. Yeye mwenyewe hawajamgusa. Akauliza kama inawezekana kupata mume mwingine wa saizi ile ile.

Faustina alisema inawezekana, ila kwanza ampimie urefu wa lile birika.